Mtu Hazibi Mashua Yake

Kila mwaka mvua zinapokolea, serikali hufunga ziwa kwa miezi mitatu ili samaki wazae, na ufuko wetu wa Nchelenge hubadilika sura. Mashua zote huvutwa nje ya maji na kupinduliwa juu ya magogo, matumbo juu, moja kando ya nyingine. Ukishuka kutoka upande wa ofisi za baraza asubuhi yenye ukungu, unaweza kudhani kundi la viboko limelala mchangani. Wanunuzi wanaotoka mjini huita miezi hiyo miezi ya njaa, na hawasemi uongo. Lakini kwa miaka mingi mimi niliingojea. Niliingojea kwa sababu ya kazi iliyofanyika ndani yake, na nataka kuieleza kazi hiyo kwa mpangilio wake kabla mpangilio haujanitoka kichwani.

Kazi yenyewe ni kuziba. Mashua ikikaa nje ya maji, ikapigwa na mvua leo na jua kesho, mbao zake huachana, na kati ya ubao na ubao unaona mwanga. Unakwangua pamba ya zamani iliyooza. Unasokota pamba mpya, unaisukuma ndani ya ufa kwa patasi butu na nyundo ya mbao, kisha unamimina lami ya moto juu yake. Katika vitabu vya Kiswahili cha pwani nimekuta kazi hii ikiitwa kalafati. Sisi tulisema kuziba tu. Na tulikuwa na sheria moja tuliyovuka nayo kutoka upande wa Kongo: mtu hazibi mashua yake mwenyewe. Unaziba ya mwenzako, naye anaziba yako.

Sababu yake nilielezwa na shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, siku ya kwanza aliponipa patasi. Kabla ya vita mimi nilikuwa fundi baiskeli ng'ambo, mbali na maji. Tulipokimbia nilivuka ziwa nikiwa nimejikunja katikati ya magunia, nikapita kambi ya mapokezi ya Kenani kama wengine, nikapewa kipande cha shamba katika makazi ya wakimbizi, nikapanda mihogo. Shemeji alikuwa amevuka na mashua yake. Mtu aliyezibiana naye tangu ujanani alibaki ng'ambo, na hatukupata habari zake tena. Ziwa lilipofunguliwa mwaka ule, wenzake wote waliingia majini. Mashua ya shemeji ilibaki juu ya magogo. Hakuwa mgonjwa wala hakukosa pamba. Hakuwa na mtu. Dada yangu alituma neno makazini: njoo ufundishwe, huyu mwanaume atatuua na njaa kwa ajili ya sheria yake.

"Sasa weye unajua kuziba," nilimwambia shemeji nilipofika. "Unashindwa nini kuziba yako?"

"Mutu akiziba yake, anajihurumia," alisema. "Anafika pa ufa mubaya, mugongo inamuuma, anasema: bon, hapa inatosha. Nani atamuuliza? Lakini ukiziba yangu, mi nitakuuliza."

Na aliuliza kweli. Mashua ikishazibwa iligeuzwa, ikawekwa sawa juu ya magogo, na mwenye mashua akamwaga maji ndani, ndoo baada ya ndoo. Tuliita kuinywesha. Kisha alizunguka chini yake akipapasa kila mshono kwa kiganja. Palipotoka unyevu alitia alama ya mkaa, bila neno, na mzibaji akaanza upya. Mara ya kwanza mashua ya shemeji ilijaa alama kama uso wa mtoto mwenye surua. Dada yangu aliyekuwa anapita na beseni la mihogo alisimama akacheka mpaka akaweka beseni chini.

"Ndugu yangu, ulikuwa unaziba ao ulikuwa unatoboa?"

"Yaya, acha," nilimwambia, maana kwetu dada mkubwa huitwa Yaya. "Nilizoea matairi."

"Njo vile!" alisema, yaani ndiyo hivyo. "Ile lami yote, ungetengeneza barabara mpaka Mansa."

Kulikuwa na sehemu ya pili ya desturi, na hii ndiyo niliyoipenda zaidi. Siku ziwa linapofunguliwa, mzibaji na mwenye mashua hutoka pamoja katika mashua iliyozibwa, na kopo la kutolea maji huachwa ufukoni. Linawekwa juu ya mchanga mahali ambapo kila mtu analiona. Mnapiga makasia mpaka kina kirefu, mnakaa, mnatazama miguu yenu. Miguu ikibaki mikavu, mnarudi. Siku ile ya kwanza shemeji alikaa mbele yangu, mikono juu ya magoti, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mimi sikuimba. Nilikuwa nahesabu mishono kwa macho. Miguu ilibaki mikavu. Tangu siku ile sikurudi tena shambani, na baada ya misimu michache nilipata mashua yangu, ndogo, ya mbao za mkono wa pili. Yeye akaiziba. Sasa tulikuwa sawasawa.

Wenyeji wa hapa, wanaozungumza Kibemba, walitucheka kwanza. Kwao kila mtu alijizibia au alimlipa kijana. Baadaye jirani mmoja, mwimbaji wa kwaya mwenye mashua yenye kasoro nyingi, aliomba aingie, na baada yake wengine. Ufuko ulijaa sauti za nyundo zinazopishana kutoka asubuhi, na mabishano juu ya mishono, na matani. Watu ambao hawakuwa na lugha moja kamili walijua maneno yote ya kuziba.

Mimi nina tabia ya kusoma. Sikuvuka shule ya msingi, lakini kwenye kituo cha mabasi madogo ya Mansa kuna mtu anayeuza vitabu chakavu pamoja na nguo, na kwa miaka nimenunua kwake vitabu vya uchumi kwa Kiingereza na Kifaransa, vingine havina jalada, kimoja hakina mwanzo. Nilivisoma kwa kamusi, polepole, kwenye miezi ya kufungwa ziwa. Katika vile vipya zaidi nilikuta swali lililonishtua. Waandishi waliuliza jamii itaishije siku ambayo haiwezi tena kukua, au siku ambayo imeamua kutokua: nani atagawa kazi, nani atasema imetosha, na atalisema hilo kwa mamlaka gani. Waliliuliza kana kwamba halijawahi kujibiwa popote. Nikainua macho kitabuni, nikatazama zile mashua zilizopinduliwa, na nikaona kitu nilichokuwa nimekaa ndani yake bila kukiona.

Sheria yetu ilikuwa kizuizi. Kuziba mashua moja vizuri kunachukua siku nyingi, na siku za mvua hazihesabiwi. Miezi ya kufungwa haiongezeki. Ukiwa na mashua mbili, lazima uzibe mbili za wenzako ili zako zizibwe. Ukiwa na tatu, uzibe tatu. Hakuna mgongo wa binadamu unaoweza nne. Kwa hiyo hapakuwa na mtu ufukoni mwetu mwenye mashua nyingi, na hakuna aliyewahi kupiga marufuku. Hakuna mkutano uliokaa. Pale ambapo mikono ilikoma, mali nayo ilikoma, na samaki wakabaki majini wakubwa kuliko wale tunaowaona sasa.

Nilifurahi mno na ugunduzi wangu. Leo najua kwamba niliigundua sheria yetu wakati ambapo ilikuwa tayari inaondoka.

Ilianza kuondoka dada yangu alipougua. Alivimba tumbo, na kliniki ya hapa ikasema apelekwe Mansa, na Mansa wakasema apelekwe mbele zaidi. Wakati huohuo alikuja mnunuzi mwenye magari ya barafu. Alitaka samaki kila wiki bila kukosa, na alikuwa tayari kulipa mbele kwa mtu atakayeongeza mashua. Shemeji akaongeza ya pili. Ya pili ilizibwa na yule mwimbaji wa kwaya, na shemeji akaziba ya mwimbaji huyo na yangu. Mwaka ule alimaliza akitembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Dada yangu alipasuliwa, akarudi, akaishi. Bado anaishi. Asubuhi ya leo amenipitishia kisamvu. Kila nikitaka kuandika kwamba shemeji alikosea, nakumbuka kisamvu hicho na kalamu inasimama.

Lakini mnunuzi hakusema basi. Ya tatu ilikuja, na injini juu yake. Nakumbuka mazungumzo ya siku ile, tumekaa juu ya tumbo la mashua yangu, mvua imepumzika.

"Shemeki," nilisema, "ile ya tatu, nani ataziba?"

"Njo ninakuuliza weye."

"Mi niko na yako ya kwanza. Jirani eko na ya pili. Na weye uko na mikono mbili tu, kama Mungu hakukuongeza mukono bila kutuambia."

Alicheka, akaelekeza kidole upande wa mji wa Kashikishi. "Nitalipa batu ba Kashikishi. Batatu. Banaziba haraka."

"Haraka. Na nani atabauliza?"

"Aa, shemeki. Wakiziba mubaya, nafukuza, naleta bengine."

Nikamweleza basi yale niliyoyasoma. Nilieleza kwa utaratibu, kama nilivyojipangia: kwamba sheria yetu ilikuwa inatulinda sote na ziwa pia, kwamba kitu kinachokua bila kikomo kinakula mahali kinapokaa, kwamba watu wenye elimu katika nchi tajiri sasa wanatafuta kile ambacho sisi tulikuwa nacho. Alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa heshima. Kisha akauliza:

"Bale baliandika hivyo bitabu, beko na frigo kwabo?"

Nilikwangua tone la lami kwenye ubao; friji walikuwa nazo, nilijua.

"Beko na frigo," alijijibu. "Beko na hopitali karibu. Mutu eko na vyote, njo anasema: inatosha. Hata mi siku ile nitasema."

"Na siku ile ikifika, utajuaje?"

"Utaniambia weye. Si unasoma?"

Akanipiga begani, akashuka, akaenda kupokea simu. Nimelifikiria jibu lake miaka yote hii. Vitabu vyangu vina sura juu ya jambo hilo, kwamba anayepaswa kuacha kwanza ni aliyeshiba, si aliyelala njaa. Ningeweza kumsomea. Lakini hata sura hiyo haisemi nini cha kumwambia mtu mmoja, aliyekaa juu ya mashua, ambaye mke wake amepona kwa sababu hakuacha.

Kabla hajafika mbali aligeuka. "Ila ile mashua ya kwanza," alisema, "ile tulivuka nayo, haitaguswa na mutu wa kulipwa. Ile ni ya weye na mi. Na ya kwako ni ya mi."

Ahadi hiyo nilikaa nayo. Sijui kama nilisikitika sana wengine walipoanza kumfuata. Jirani wa kwaya alipata mashua ya pili na wazibaji wa kulipwa. Aliyekuwa na moja tu aliona aibu kuzibiwa bure, kana kwamba bure ni dalili ya kushindwa. Magari ya barafu yalianza kuleta samaki waliogandishwa kutoka mbali hata miezi ziwa limefungwa, kwa hiyo soko halikulala tena, na kufungwa kwa ziwa kukawa usumbufu wa kuvumilia tu. Nyundo zilipungua. Wazibaji wa Kashikishi walifanya kazi kwa haraka na redio, na hawakunywesha mashua maji, maana maji yanachukua muda na mashua zote zilikuwa na kopo ndani. Baadaye zikawa na pampu ndogo. Mashua inayovuja kidogo na yenye pampu inafika kule kule, na mapema zaidi. Nani atambishia mwenye pampu? Mimi nilisema moyoni: wacha ufuko uende, mashua mbili zimebaki. Kila msimu nilimzibia ile yake kuukuu, naye akaja na patasi kuziba yangu, siku zake zikipungua kila mwaka, simu yake juu ya mchanga kando ya lami. Siku ya kufunguliwa tulitoka pamoja bila kopo, mara mbili, kwanza kwake kisha kwangu.

Msimu uliopita mvua zilianza na hakuja.

Niliziba ile yake kuukuu kama kawaida na kuisubiri inyweshwe. Aliagiza kwamba ameiamini, nisijisumbue na maji. Nilisubiri patasi yake kwenye mashua yangu. Kila nilipomwona alikuwa ndani ya gari la mtu, au anatoka ofisi za baraza na makaratasi ya leseni, na kila mara alinyoosha mkono kutoka dirishani: "Shemeki! Nakuya!" Sikuwa na shaka. Nilikwangua mwenyewe pamba iliyooza ili akute mishono iko wazi. Hilo sheria inaruhusu.

Kisha asubuhi moja wakaja vijana watatu wa Kashikishi na redio yao. Walisalimu vizuri. Walisema wametumwa na bosi kuziba mashua ya shemeji yake, kazi ya kwanza kabla ya zile zake zote, na kwamba nisitoe chochote.

Niliwaambia wakae wanywe maji kwanza. Nikaenda kwa dada yangu. Alikuwa anatwanga, akaona uso wangu, akaacha mchi ndani ya kinu.

"Najua," alisema. "Alilala hapa akifikiri namna ya kukufurahisha. Alisema: nitamutumia batu bangu, ba kwanza kabisa. Aliona ni heshima kubwa."

"Ni heshima, Yaya."

"Basi pokea."

"Nikipokea, imekwisha."

Dada yangu alitoa mchi kinuni, akaufuta kwa kiganja. Yeye ndiye aliyewahi kukaribia kufa njaa kwa ajili ya sheria hii. "Ndugu yangu," alisema, "imekwisha zamani. Weye njo ulikuwa unaishikilia na mukono moja. Usimukasirikie bwana yangu."

"Simkasirikii."

Na ni kweli, sikumkasirikia. Kama ningeweza kumkasirikia ningekuwa na mahali pa kuweka uzito huu. Nilirudi ufukoni nikawashukuru wale vijana, nikawaambia waseme kwa bosi wao kwamba mashua yangu ni ndogo na nina nafasi. Waliondoka wakishangaa. Mmoja aligeuka akauliza kwa Kibemba kama nimeudhiwa na jambo. Nikamwambia hapana.

Nilifikiri kuiacha juu ya magogo, kama shemeji alivyoiacha yake mwaka ule wa kwanza. Lakini yeye alikuwa anangoja mtu aje. Mimi ningengoja nini? Kwa hiyo nilisokota pamba na kuwasha moto chini ya kopo la lami. Nilifanya kazi kwa mpangilio nilioujua, kutoka mbele kwenda nyuma, upande wa kushoto kwanza. Ilikwenda vizuri. Upande wa kulia, karibu na mkia, pana mahali ambapo ubao mmoja umejipinda, na pamba haikai mpaka uisukume ukiwa umelala chali. Shemeji alipalalamikia kila mwaka na kila mwaka alilala chali. Nilisukuma mara kadhaa. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa, mgongo uliuma, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema: hapa inatosha. Nikamimina lami. Sikuinywesha mashua. Ni vigumu kumwaga maji ndani na wakati huohuo kuzunguka chini.

Siku ya kufunguliwa injini zilitangulia. Nilisukuma mashua yangu majini peke yangu, na kopo ndani. Nilipiga makasia mpaka kina kile cha siku zote, nikakaa, nikatazama miguu. Ilichukua muda kidogo, kisha unyevu ukatokea upande wa kulia, karibu na mkia, ukatambaa kwenye ubao kama mstari mwembamba mpaka kisigino changu. Maji yenyewe hayakuwa ya kutisha. Kopo lilitosha.

Niliporudi shemeji alikuwa amesimama mchangani. Mashua zake zilikuwa bado ziwani na watu wake, naye alikuwa amevaa viatu. Hakusema habari ya wale vijana. Alinisaidia kuvuta, nikaona viatu vinalowa, naye hakujali. Mashua ilipokaa juu ya magogo alizunguka, akainama, akapitisha kiganja chini ya tumbo lake, mshono kwa mshono, kutoka mbele kwenda nyuma, upande wa kushoto kwanza. Nilimfuata nyuma kama mwanafunzi. Alipofika upande wa kulia karibu na mkia, mkono ulisimama.

"Hapa," alisema.

"Hapo."

"Ulijihurumia."

"Ndiyo, shemeki. Nilijihurumia."

Alitazama huku na huku mchangani, na nilijua anatafuta mkaa. Mkaa wa moto wangu ulikuwa umekwisha kusombwa na mvua za siku zile. Aliweka kidole gumba juu ya mshono akakibonyeza hapo, kama mtu anayezuia damu, na kwa muda mfupi nilidhani atavua viatu alale chali. Simu ikalia mfukoni mwake. Alitoa kidole, akajifuta kwenye suruali, akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Pokea," nilimwambia. "Ni watu wako."

Akapokea, akaanza kupanda kuelekea barabarani akizungumza juu ya barafu. Mimi nilikaa pale mpaka ubao ukakauka na pale alipobonyeza pakawa kama penginepo.